Kilomita Saba Mpaka Darasa la Tisa: Bihar na Ahadi ya Elimu ya India

Wakuu wa shule, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea ualimu: wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie sera ya elimu ya India na mikoa iliyoachwa nyuma. Mnajua kwamba nilisomea ualimu huko. Ningeweza kuanza na vifungu vya sheria, na nitavifikia, lakini naomba ruhusa yenu nianze na treni.

Ilikuwa Novemba 2010. Nilikuwa nasoma katika mji mmoja wa kusini, na mwenzangu wa chumbani alikuwa anatoka Bihar, jimbo la mashariki mwa India, katika bonde la mto Ganges. Chuoni walimwita "Bihari" hata waliolijua jina lake vizuri. Nilidhani ni utani wa makabila kama wetu, mpaka siku moja nilipomsikia kondakta wa basi akimfokea abiria mwingine kwa neno hilohilo, na abiria yule hakuwa hata Mbihari. Ndipo nikaelewa kuwa jina la jimbo la watu zaidi ya milioni 100 limegeuka tusi mijini. Mwenzangu alikuwa kinara wa hesabu darasani kwetu. Alikuwa akisikia, anainamisha kichwa, anaendelea kuandika.

Sikukuu ya Chhath ilipokaribia, akaniambia, "Ndugu yangu, twende nyumbani." Chhath ndiyo sikukuu kubwa ya Wabihari: wanawake hufunga, kisha husimama ndani ya maji ya mto wakilisubiri jua lizame, na alfajiri wanarudi kulisubiri lichomoze. Kila Mbihari aliye mbali hutamani kuwa kwao siku hiyo. Tulisafiri usiku mbili katika behewa lisilo na nafasi za kukata mapema. Watu walilala chini ya viti, walilala kwenye kibaraza cha kuwekea mizigo, walikaa mlangoni mwa choo na mabegi yao mapajani. Walikuwa wajenzi wa maghorofa, walinzi, wapishi wa hotelini. Kijana mmoja aliyebanana nami alikuwa na mikono iliyochanika kwa saruji. Nikamuuliza umri wake, akasema 16. Shule aliiacha darasa la saba. Nikamuuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha.

Swali lile nimelibeba miaka yote hii, na jibu nililolipata nataka kuligawana nanyi leo.

Bihar si nchi ya wajinga, ndugu zangu. Nalanda, chuo kikuu cha kale, iko Bihar. Huko, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wanafunzi walikuja kutoka China na Korea kusoma, na magofu ya matofali mekundu ya vyumba vyao vya kulala bado yapo, unaingia na kuyagusa. Basi mahali hapo palifikaje kuwa jimbo la mwisho katika sensa? Sensa ya 2011 ilikuta Kerala, kusini, watu 94 katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika. Bihar walikuwa 62. Kwa wanawake ni mbaya zaidi: Kerala 92, Bihar 51 na nusu. Nchi moja, Katiba moja, bendera moja, na mtoto wa kike anazaliwa na mizani mbili tofauti kutegemea mama yake alijifungulia wapi.

Wapo watakaokwambia ni utamaduni. Mimi jibu hilo silikubali, kwa sababu historia imeandikwa na tunaweza kuisoma.

Mwaka 1793 Waingereza waliwapa mabwanyenye ardhi ya Bengal na Bihar iwe yao milele, mradi wapeleke kodi. Mkulima akawa mpangaji katika shamba la babu yake. Bwanyenye hakuwa na haja ya mkulima anayesoma, maana mkulima anayesoma anauliza risiti. Wakati huohuo kusini, katika ufalme wa Travancore ambao leo ni sehemu ya Kerala, malkia Gowri Parvathi Bayi alitoa tamko mwaka 1817 kwamba gharama ya kuwaelimisha raia ni ya serikali. Lakini nawaomba msiipake Kerala asali. Tamko lile halikuwafikia watu wa tabaka la chini kwa karibu miaka 100. Ilibidi Ayyankali, mtu ambaye mwenyewe hakusoma, awaongoze vibarua wa mashambani mwanzoni mwa karne ya 20 wagome kulima mpaka watoto wao wapokelewe shuleni. Waligoma, wakashinda njaa, hawakurudi shambani. Kwa hiyo zile 94 za Kerala zililipiwa.

India ilipopata Katiba yake mwaka 1950, kifungu cha 45 kilisema dola ijitahidi, ndani ya miaka kumi, kuwapa watoto wote elimu ya bure na ya lazima mpaka watimize miaka 14. Miaka kumi ni 1960. Sheria yenyewe ya haki ya elimu ilipitishwa 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyepaswa kuingia shule kwa ahadi ile alikuwa babu siku sheria ilipoanza.

Na katikati hapo kulifanyika jambo ambalo halizungumzwi sana kwenye mikutano ya elimu, kwa sababu linaonekana ni la viwanda. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Delhi ilisawazisha gharama za kusafirisha chuma. Maana yake kiwanda cha Mumbai au Chennai kilinunua chuma kwa bei ileile na kiwanda kilichopakana na tanuru la Jamshedpur, na Jamshedpur enzi hizo ilikuwa Bihar. Nia ilikuwa kueneza viwanda nchi nzima, sikatai. Matokeo yake mwenye mtaji hakuwa na sababu ya kujenga karibu na machimbo. Alijenga pwani, penye bandari, na ajira zikaenda huko, na kodi zikaenda huko. Sasa unganisheni na hili: mpaka 1976, Katiba ilipofanyiwa marekebisho ya 42, elimu ilikuwa mzigo wa jimbo lenyewe. Jimbo lisilo na viwanda lilitakiwa kujenga shule kwa fedha lisizonazo. Halafu Novemba 2000 kusini yote ya Bihar ikakatwa na kuwa jimbo la Jharkhand, ikaondoka na machimbo na matanuru. Bihar ikabaki na mashamba, mito inayofurika, na watoto.

Ndiyo maana nasema kuachwa nyuma kwa mkoa ni kazi ya mikono ya watu. Kulikuwa na meza, kulikuwa na kalamu, na kulikuwa na waliokaa mbali sana na kijiji wakati wanasaini.

Wakubwa wa Bihar wenyewe nao wana la kujibu, na rafiki yangu asingenisamehe nikiwaficha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Lalu Prasad Yadav, akiwa waziri mkuu wa jimbo, alianzisha shule za watoto wachunga ng'ombe: mtoto aje na mifugo yake, ng'ombe wale majani, yeye asome. Mimi wazo hilo nalipenda mpaka leo. Liliuliza mtoto yuko wapi saa nne asubuhi, likamfuata hukohuko. Lakini halikupewa walimu wala usimamizi, na shule karibu zote zikafa. Mwaka 2007 tume iliyoongozwa na Muchkund Dubey ikaikabidhi serikali ya Bihar mpango wa shule za pamoja, ambamo mtoto wa tajiri na wa maskini wa kijiji kimoja wangekaa dawati moja. Mpango ule haukutekelezwa.

Turudi kijijini. Kijiji cha rafiki yangu kiko kaskazini ya Ganges, upande wanaozungumza Kimaithili. Sikukuu ilipokwisha nilimwomba anipeleke kwenye shule aliyoanzia. Ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Kila mtoto alikuja na mfuko wake wa mbolea, ule wa nailoni, akautandika sakafuni akaukalia. Chumba kimoja kilikuwa na madarasa matatu: la kwanza linatazama ukuta huu, la pili ule, la tatu linatazama mlango. Mwalimu mmoja, binti mdogo aliyeajiriwa kwa mkataba, alisimama katikati akigeuka kama feni. Ubavuni mwake mtoto wa kama miaka sita alikuwa amelala fofofo juu ya mfuko wake, kibao cha kuandikia kifuani, na mwalimu alimruka kila alipopita bila kumwamsha.

Nikauliza walimu wengine wako wapi. Wako kwenye uchaguzi, akasema. Mwezi ule Bihar ilikuwa inapiga kura, na sheria ya 2009, ileile inayotaka mwalimu mmoja kwa watoto 30 wa msingi, inaruhusu walimu watolewe darasani kwa sensa, maafa na uchaguzi. Sheria haikuwa imetimiza hata miezi minane, na tayari nilikuwa nayaona maneno yake mawili yakivutana ndani ya chumba kimoja. Miaka saba kabla ya hapo wachunguzi walizitembelea shule za serikali India nzima bila taarifa, wakakuta walimu 25 katika 100 hawapo. Maharashtra, jimbo tajiri la magharibi, waliokosekana ni 15. Jharkhand ni 42. Wengine ni wazembe, hilo linajulikana. Lakini mtu mwenye mkataba wa mshahara mdogo, anayekaa kilomita 20 kutoka shuleni kwa sababu kijijini hakuna nyumba ya kupanga, hamwezi kumweka kapu moja na mzembe.

Kisha kuna lugha, na hapa naomba mnisikilize nyinyi hasa mnaowapokea watoto wanaotoka nyumbani na Kimakonde au Kisukuma, maana mtaelewa haraka kuliko mtu wa Delhi. Yule binti alikuwa akisoma sentensi ya kitabu kwa Kihindi sanifu, halafu anaisema tena kwa Kimaithili, na hapo ndipo macho ya watoto yalipofunguka. Kazi ile ya pili haikuwa kwenye muhtasari wowote. Kimaithili angalau kiliingizwa kwenye orodha ya lugha zinazotambuliwa na Katiba mwaka 2003. Kibhojpuri, lugha ya magharibi ya jimbo hilohilo, kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 50 katika sensa ya 2011, na mpaka leo hakimo. Kinahesabiwa kuwa tawi la Kihindi. Sera ya Taifa ya Elimu ya 2020 inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani angalau mpaka darasa la tano, pale inapowezekana. Maneno mazuri. Ila mtoto wa Kibhojpuri akifika shuleni ataambiwa lugha yake ya nyumbani ni Kihindi, na mambo yatakwisha hapo.

Saa sita mpishi akapakua. Wali uliopikwa pamoja na dengu, kwenye sahani za chuma. Chakula kile kina historia ya heshima: Tamil Nadu ilianza kulisha watoto shuleni tangu miaka ya 1950, enzi za Kamaraj, waziri mkuu wa jimbo hilo, na tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru kila jimbo litoe chakula kilichopikwa katika shule za msingi za serikali. Amri ni moja. Lakini jikoni za Tamil Nadu na jikoni za Bihar hazikuwa moja. Julai 2013, wilaya ya Saran, Bihar, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichokuwa na sumu ya kuulia wadudu. Shule yao haikuwa hata na jengo lake. Sina maneno ya kuongeza hapo.

Nataka sasa niwaambie lililofanya kazi, kwa sababu lipo, na ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Rafiki yangu ana dada wawili. Mkubwa alimaliza darasa la nane mwaka 2004. Shule yenye darasa la tisa ilikuwa mji mdogo, kilomita saba, njia inapita katikati ya mashamba ya miwa marefu kuliko mtu. Baba yao hakumkataza kusoma. Alisema tu, "Nani atampeleka?" Hakukuwa na wa kumpeleka, basi akabaki nyumbani, na miaka mitatu baadaye akaolewa. Wa pili alimaliza darasa la nane mwaka 2008. Katikati ya miaka hiyo minne, 2006, serikali ya Bihar chini ya Nitish Kumar ilianza kumpa kila msichana anayeingia darasa la tisa rupia 2,000 anunue baiskeli.

Wa pili akaenda. Wakaenda wengi pamoja, na hilo ndilo lililomtuliza baba: walitoka wasichana wanane, tisa, kwa mstari, nguo za shule za buluu na nyeupe, kengele zikilia, na barabara ikawa yao. Wachumi wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, waliupima mpango huu kwa kuilinganisha Bihar na jirani yake Jharkhand. Waliona uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa karibu theluthi moja, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Na sikilizeni hili: faida kubwa ilikuwa katika vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tatu kutoka sekondari. Baiskeli ilitibu pale palipouma. Haikuwataka wazazi wahudhurie semina ya kubadili fikra. Ililijibu swali la baba.

Jioni moja kabla hatujaondoka, dada mkubwa alikuwa amekuja kwao na mtoto wake wa kike wa mwaka mmoja. Jua lilipozama na wanaume wakaenda kunywa chai, alimpa mama yake mtoto, akaishika baiskeli ya mdogo wake kwa usukani, akaipeleka nyuma ya nyumba penye uwanja wa kupuria mpunga. Mdogo akashika keria. Niliwaona kupitia dirishani. Alianguka mara mbili, akacheka kwa kujiziba mdomo na ushungi wake ili asisikike, akapanda tena.

Ndugu zangu, ukiniuliza India inakosa nini katika sera zake ili mikoa kama Bihar ipone, sitasema inakosa sera. Tume ya Kothari ilipendekeza mwaka 1966 kwamba asilimia 6 ya pato la taifa iende kwenye elimu. Sera ya 1968 ikalibeba pendekezo hilo, ya 1986 ikalibeba, ya 2020 ikalibeba tena, na kiwango hicho hakijafikiwa hata mwaka mmoja. Fedha zinapogawanywa, katika mpango mkuu wa shule serikali kuu hulipa asilimia 60 na jimbo hulipa 40. Majimbo ya kaskazini mashariki na ya milima ya Himalaya hulipa 10 tu, na wanastahili. Bihar, ambayo pato la mtu mmoja ni kama theluthi ya wastani wa taifa, hulipa 40 sawa na Maharashtra. Wameomba miaka mingi wapewe hadhi maalumu, na Julai 2024 serikali kuu ikalieleza Bunge kwamba hawastahili kwa vigezo vilivyopo. Vigezo hivyo vinauliza, pamoja na mengine, milima, mipaka na wingi wa makabila. Haviulizi ni shule ngapi zina mwalimu mmoja, na India ina zaidi ya shule 100,000 za namna hiyo.

Wenzetu wa India wametufundisha pia namna ya kuuliza. Tangu 2005 shirika la Pratham huwatuma vijana vijijini na karatasi moja yenye herufi, maneno, na hadithi fupi ya darasa la pili. Wanamkalisha mtoto mlangoni kwao na kumwambia, soma. Karibu nusu ya watoto wa darasa la tano hushindwa ile hadithi, au zaidi ya nusu, kutegemea mwaka na jimbo. Taarifa hiyo inaitwa ASER, kifupi cha jina lake la Kiingereza, na hutamkwa kama neno la Kihindi ambalo ndilo "athari" yetu. Limetoka Kiarabu, likapanda jahazi tofauti. Uwezo, iliyowapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia 2009, iliiga hapo. Baadhi yenu mliwahi kuzunguka na zile karatasi, mnajua ukimya unaoingia uani pale mtoto anapoikodolea macho sentensi ya kwanza mbele ya mama yake.

Rafiki yangu sasa ni mwalimu wa hesabu kwao. Alirudi. Novemba 2023 Bihar iligawa barua za ajira ya ualimu zaidi ya 100,000 kwa mkupuo, yeye akawa mmoja wao, baada ya miaka mingi ya kufundisha tuisheni kusini. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe. Yule mtoto wa mwaka mmoja niliyemwona jioni ile yuko darasa la kumi na moja. Haendi kilomita saba. Katika miaka hii jimbo limeipandisha shule ya kata yao kuwa sekondari, anafika kwa miguu kwa dakika kumi. Anataka kusoma uhandisi. Nikamuuliza rafiki yangu, vipi maendeleo yake? Akajibu kwamba hesabu anamfundisha mwenyewe, kemia kuna dada mmoja mzuri anayetoka wilaya ya pili kila siku kwa basi, na mwalimu wa fizikia wanamsubiri tangu shule ifunguliwe.